Mtu akikwambia figo ya nguruwe iko tayari, muulize haya kwanza kuhusu virusi

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Naandika hii kwa sababu ya voisi noti moja iliyoingia kwa grupu letu la familia wiki iliyopita, jamaa aongea haraka haraka asema sasa figo za nguruwe ziko, Marekani washaanza, na kuna nchi mtu aenda apandikizwa arudi, watuma tu pesa kidogo ya kushika nafasi, na eti hakuna hatari manake nguruwe wenyewe wamepimwa. Mjomba wangu yuko kwa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki hapa Malindi, mwaka wa tatu sasa, na alipoisikiza ile voisi aliniita barazani akaniuliza, "Mwanangu, wewe wafanya kazi ya maabara, hebu nieleze, huko kupimwa kwenyewe wamepimwaje?"

Hilo swali lake ndo limenikosesha usingizi. Kila mtu ataka kujua nguruwe amepimwa au hajapimwa, wachache sana wanaouliza amepimwa wapi mwilini, kwa kipimo gani, akiwa na umri gani. Na kuna mtu wa kweli kabisa Marekani, nitamueleza huko chini, moyo aliowekwa ulitoka kwa nguruwe aliyepimwa na bado kirusi kikaingia nao. Kwa hivo nimekaa nikaandika namna ya kuichambua habari kama hii, kwa mtu ambae hakusomea udaktari, ana mgonjwa nyumbani na simu mkononi.

Najua wengi mtaanza na halali na haramu. Aya ya 173 ya Suratul Baqara mwaijua, nguruwe ameharamishwa na hapo hapo mwenye kushikwa na dharura akaondolewa dhambi, na wanazuoni wana maneno marefu juu ya hilo kwenye matibabu. Mpelekeni mgonjwa kwa sheikh wenu mumuulize uso kwa uso. Mimi niseme tu kwamba mmoja wa mabingwa wa kazi hii, daktari Muhammad Mohiuddin wa Chuo Kikuu cha Maryland, ni Muislamu aliyesomea udaktari Karachi, Pakistan. Hapa naongea virusi.

Kwanza: tenganisha kilicho hai na kisicho hai

Watu wachanganya sana hapa. Ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mipira ya mashine, heparini, nyingi duniani hutokana na utumbo wa nguruwe. Vali za moyo za nguruwe zimewekwa watu tangu miaka ya 1960. Insulini ya nguruwe ilitumiwa na wagonjwa wa sukari miaka na miaka kabla haijaja ile inayotengenezwa maabara. Hizo zote hazina seli hai ndani yake, heparini imechujwa na kusafishwa, vali imeloweshwa dawa kali inayoua kila seli, na kirusi bila seli hai hakina pa kuzaliana.

Figo ya kupandikizwa ni habari nyengine. Ile iko hai, damu ya mgonjwa yapita ndani yake mchana na usiku, seli za nguruwe na seli za mtu zakaa pamoja miezi, na chochote kilicholala ndani ya ile figo chaweza kuamka siku yoyote. Kwa hivo ukisikia "ya nguruwe", uliza kwanza ni kitu kilichotengenezwa au ni kiungo hai. Na tafadhali mtu asikutishe kwa heparini ukaacha mashine, ukiwa na shaka zungumza na daktari wako, lakini zamu usikose hata moja.

Pili: vijue virusi vyenyewe, si vyote sawa

Watu wa Hindi na Mpeketoni, kule Lamu, wawajua ngiri vizuri, mashamba yao yafukuliwa kila msimu. Ngiri hubeba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao mara ya kwanza kabisa ulielezwa kitaalamu hapa hapa Kenya, na Montgomery, mwaka 1921. Ngiri mwenyewe haumwi, atembea nacho mzima wa afya, lakini kikifika kwa nguruwe wa kufugwa banda zima laisha. Binadamu hakimpati kabisa. Sasa shika mambo mawili hapo, mnyama aweza kubeba kirusi bila dalili hata moja, na kirusi kinachomaliza mnyama mmoja chaweza kisimfanye kitu mwengine. Ndo maana "nguruwe ana afya nzuri" si jibu, na "nguruwe ana kirusi" pia peke yake si jibu, lazima uulize kirusi gani.

Kuna vile vinavyopita, vyaingia na kutoka kama wageni. Mafua ya nguruwe ni mfano, homa ya ini aina ya E pia, hii ya E kwa mtu mzima mara nyingi huisha yenyewe lakini kwa mtu anaemeza dawa za kushusha kinga yaweza kukaa na kula ini pole pole. Kubwa zaidi kwenye kundi hili ni Nipah. Malaysia mwaka 1998 na 1999, popo wa matunda walikuwa wakila kwenye miembe iliyopandwa karibu na mabanda, makombo yakidondoka nguruwe wanakula, nguruwe wakashikwa na kikohozi, kisha wafugaji wakaanza kushikwa na homa ya ubongo, zaidi ya watu 100 wakafa na nguruwe zaidi ya milioni wakauliwa. Mwembe, popo na banda, ndo basi. Sisi tunaoishi na miembe na popo juu ya paa hatuhitaji kuelezwa sana. Vizuri ni kwamba virusi hivi vinavyopita ndo rahisi kuzuia, ukimfungia nguruwe ndani tangu kuzaliwa na ukampima vizuri havimfikii.

Kuna vile ambavyo nguruwe hazaliwi bila navyo, kwa sababu vimeandikwa ndani ya jeni zake. Wataalamu waviita PERV, ni retrovirusi, ukoo mmoja na HIV kwa mbali, vyarithiwa kutoka kwa mama na baba kama rangi ya ngozi, kwa hivo hata umfungie nguruwe kwenye chumba cha dhahabu atakuwa navyo. Mwaka 1997 watafiti wa London walionyesha kwamba vyaweza kuambukiza seli za binadamu kwenye vyombo vya maabara na dunia ikashtuka, kazi karibu isimame. Kuna aina tatu, A, B na C, A na B zaingia kwenye seli za watu, C yabaki kwa nguruwe, ila A na C zikichanganyika hutoa chotara anaezaliana kwa kasi zaidi. Lakini sikiza na upande wa pili, mwaka 1999 walitoa ripoti ya watu 160 waliowahi kutibiwa kwa tishu hai za nguruwe, hawakukuta hata mmoja aliyeambukizwa PERV, na mpaka leo hakuna mgonjwa aliyejulikana kuambukizwa. Hata hivo wengine hawakutaka kubahatisha, wakatumia ule mkasi wa jeni uitwao CRISPR, mwaka 2015 wakazima nakala 62 kwenye seli za maabara, 2017 wakapata nguruwe hai ambao PERV zao zote zimezimwa. Kampuni nyengine hazizizimi, zachagua tu nguruwe wasio na ile C. Kwa hivo swali lako hapa ni jepesi: PERV zimezimwa, au wamechagua tu nguruwe asiye na C?

Na kuna vile vinavyolala. Hivi ndo vimenifanya niandike.

Tatu: kipimo, na hapa nitakaa sana

Tarehe 7 Januari 2022, huko Baltimore, mzee wa miaka 57 aitwae David Bennett aliwekwa moyo wa nguruwe. Hakuwa na njia nyengine, alikuwa kitandani kwa mashine ya kumsaidia moyo, na moyo wa binadamu alishaambiwa hafai kupewa. Nguruwe alikuwa amebadilishwa jeni 10, sita kati ya hizo ni za binadamu zilizoongezwa, na kirusi alipimwa kwa kijiti cha puani, kama tulivyokuwa tukipimwa korona. Majibu hasi. Moyo ukapiga vizuri. Siku ya 20 kipimo kimoja cha damu, kile kinachotafuta vipande vya DNA ya vijidudu, kikaonyesha alama ndogo sana ya saitomegalovirusi ya nguruwe, kimoja kati ya hivyo virusi vinavyolala, ndogo kiasi kwamba madaktari walidhani pengine ni kosa la kipimo. Alama ikazidi kupanda. Mzee alifariki tarehe 8 Machi 2022, siku ya 60, na waliporudi kupima bandama ya yule nguruwe iliyokuwa imehifadhiwa, kirusi kilikuwamo tangu mwanzo.

Nisimuonee mtu hapa. Kirusi chenyewe hakikuonekana kushika seli za Bennett, kilibaki kwenye moyo wa nguruwe kikauharibu kutoka ndani. Na yeye alikuwa dhaifu mno tokea mwanzo, tena kuna dawa ya kingamwili aliyopewa ambayo huenda nayo ilishambulia ule moyo. Hakuna wa kuapa kwamba kirusi peke yake ndo kilimuua. Ila kwa nyani ilishaonekana kabla, viungo vyenye kirusi hicho huharibika mapema sana kuliko visivyonacho, kwa hivo wataalamu walijua ni adui, na adui akapita mlangoni.

Alipitaje? Kirusi hiki ni wa jamii moja na vile vya malengelenge ya mdomo, yale yanayotoka ukishikwa na homa yakapotea kisha mwaka ujao yakarudi pale pale. Hayajaondoka, yamelala. Sasa PCR ni kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe pale ulipochukua sampuli, na kikiwa kimelala ndani ya bandama puani hutakikuta. Kipimo cha kingamwili chatafuta alama ambayo mwili umeiweka ulipopigana nacho zamani. Nilimueleza mjomba hivi: ukimtafuta mtu mtaa wa Maweni kwa kusimama mlangoni pake, asipotoka wasema hayuko, lakini ukimuuliza mama muuza mahamri wa jirani atakwambia jana asubuhi alinunua matatu. PCR ndo huyo wa kusimama mlangoni, kingamwili ndo mama wa mahamri. Wataka wote wawili. Na hata mama wa mahamri ana kasoro yake, mtoto wa nguruwe wa wiki chache aweza kuwa na kingamwili alizonyonya kwa mamake, si zake, kwa hivo umri wake wakati wa kupimwa ni muhimu sana na mamake pia apimwe.

Kwa hivo mtu akikwambia nguruwe amepimwa, usiitike, muulize: Sampuli ilitoka puani, kwenye damu au kwenye kiungo? PCR peke yake au na kingamwili pia? Alikuwa na umri gani na alipimwa mara ngapi? Mama yake je? Siku ya operesheni yenyewe kulikatwa kipande cha bandama au cha ini kikapimwa, na kingine kikahifadhiwa? Mtu anaefanya kazi hii kikweli atayajibu hayo bila kukasirika, atafurahi hata kwamba umeuliza.

Ukiletewa karatasi, iangalie kama tunavyoziangalia sisi lebu. Iwe na tarehe, aina ya sampuli, jina la kipimo, na kiwango cha chini kabisa ambacho kipimo hicho chaweza kuona. Neno "hasi" kwa lugha yetu sisi maana yake ni hatukukiona hapo, siku hiyo, kwa chombo hicho. Nimeona kwa kazi yangu watu waliopimwa homa ya ini hasi leo na baada ya miezi wakarudi chanya, na kipimo cha kwanza hakikuwa kibovu, kilikuja mapema tu. Karatasi iliyoandikwa "salama" halafu muhuri mkubwa wa buluu, bila hayo niliyoyataja, ni karatasi.

Jambo moja la kiufundi, wasiotaka waruke. Baada ya kupandikizwa, damu ya mgonjwa ikipimwa PERV yaweza kutoka chanya bila yeye kuambukizwa, kwa sababu seli chache za nguruwe huzunguka kwenye damu yake na PERV ziko ndani ya hizo seli. Lazima wapime pia DNA ya nguruwe kwa jumla, waone kama PERV imezidi kile ambacho seli za nguruwe zingeleta. Ukikuta mtu ajua hili, hapo wazungumza na mtu wa kazi.

Nne: uliza nguruwe kalelewa wapi

Hawa si nguruwe wa mabanda tunayoyajua. Mamake hufanyiwa operesheni ili mtoto asipite kwenye njia ya uzazi, na mtoto hutenganishwa nae mapema sana kwa sababu saitomegalovirusi mara nyingi hupita kwa kunyonya na kukaa pamoja siku za mwanzo. Hewa yachujwa, chakula chasafishwa, wafanyakazi waoga na kubadili nguo kabla ya kuingia. Kampuni ya United Therapeutics ilijenga banda moja la namna hiyo Christiansburg, Virginia, kwa dola kama milioni 75, na kwa pesa zote hizo latarajiwa kutoa viungo kama 125 tu kwa mwaka. Sasa chukua hesabu hiyo uiweke mbele ya mtu anaekwambia ziko figo tele na bei ni nafuu.

Tano: dawa za kushusha kinga

Hapa nitapita haraka. Figo yoyote ya kigeni mwili hutaka kuifukuza, ya nguruwe zaidi, kwa hivo mgonjwa humeza dawa za kunyamazisha kinga na kinga ikinyamazishwa virusi vyote vilivyolala vyaamka, vya nguruwe na vya kwake mwenyewe. Na kinyume chake pia chatokea. Towana Looney aliwekwa figo ya nguruwe New York mwezi wa Novemba 2024, ikafanya kazi siku 130, kisha akapata maambukizi yasiyohusiana na figo, madaktari wakapunguza zile dawa ili mwili upigane, na mwili ukageukia figo, ikabidi itolewe Aprili 2025. Ndo mtego wenyewe, ukikaza hapa pale palegea. Uliza pia kama kirusi kikiamka kuna dawa yake, manake ile dawa ya kawaida ya saitomegalovirusi ya binadamu, gansiklovira, kwa ya nguruwe haina nguvu sana.

Sita: watu wa nyumbani wako ndani ya mkataba

Hili voisi noti haikuligusa kabisa. Kwa miongozo ya Marekani mtu aliyewekwa kiungo hai cha nguruwe afuatiliwa maisha yake yote, achukuliwa damu kila baada ya muda, sampuli na rekodi zahifadhiwa miaka 50, haruhusiwi kutoa damu kumpa mtu mwengine, na wale wa karibu nae kabisa, mke au mume, nao waambiwa wasitoe. Dawa ya kawaida ukichoka waiacha waenda zako, hapa kufuatiliwa hakuachiki, kwa sababu hofu si ya mgonjwa peke yake.

Wa Lamu mwaka 2004 hamjasahau. Chikungunya iliingia kisiwani ikapita nyumba kwa nyumba, watu hawawezi kushika hata kikombe kwa maumivu ya viungo, na damu zilipopimwa baadae ikaonekana kama robo tatu ya watu walishikwa. Mwaka wa pili yake ikawa Komoro, ikafika Réunion, ikaenda mpaka India. Mbu ndo aliibeba ile, na viungo vya nguruwe havina mbu, lakini mwaona vile kirusi kikipata njia ya kupita kwa watu hakiulizi kisiwa wala nchi. Kwa sababu hiyo mgonjwa mmoja mwenye figo ya nguruwe afuatiliwa kama vile mji mzima wamtegemea.

Basi kaeni mezani, mke, watoto, anaelala nae chumba kimoja, mjiulize haya: Akirudi nyumbani ni hospitali gani itachukua hizo sampuli, na itazipeleka maabara gani? Akishikwa na homa saa nane za usiku kisiwani, kusi yavuma na hakuna boti ya kuvuka Mokowe, nani atajua hiyo ni malaria, ni dengi, ni chikungunya, au ni kitu kilichoamka ndani ya figo? Nani atapigiwa simu? Kama kwa hayo hakuna jina la mtu na namba yake, mgonjwa wenu hajaandaliwa.

Saba: linganisha na figo ya mtu

Msitoke hapa mkidhani figo ya binadamu ni safi na ya nguruwe ndo chafu. Mwaka 2004 Marekani mtu mmoja alifariki, viungo vyake wakapewa wagonjwa, na waliopokea wanne wakafa na kichaa cha mbwa, ikabainika mtoaji aliumwa na popo na madaktari hawakujua. Saitomegalovirusi ya binadamu wengi wetu tunayo, imelala, na hatari kubwa ni pale mtoaji anayo na mpokeaji hajawahi kuwa nayo, kwa hivo madaktari wapima wote wawili na kumpa mpokeaji dawa ya kinga miezi kadhaa. Nguruwe hata ana faida moja hapa, wampima miezi kabla ya siku yenyewe, ilhali mtu aliyefariki wana masaa tu. Kwa hivo yale maswali ya hatua ya tatu yachukue vile vile ndugu yako akijitolea figo: alipimwa nini, lini, na atapimwa tena karibu na operesheni?

Nane: hesabu siku, usihesabu vichwa vya habari

Habari huandikwa siku ya operesheni, mgonjwa amekaa kitandani atabasamu. Rudi uangalie baadae. Bennett siku 60. Lawrence Faucette, moyo, Septemba 2023, wiki kama sita, na yule nguruwe wake walishampima kwa njia kali zaidi, shida yake ikawa mwili kukataa. Rick Slayman, figo, Boston, Machi 2024, nguruwe aliyebadilishwa mahali 69 kwenye jeni zake na 59 kati ya hizo ni PERV zilizozimwa, alifariki Mei kwa moyo na haikuonekana kwamba figo ndo sababu. Tim Andrews, Boston pia, Januari 2025, figo yake ilikaa siku 271 kabla ya kutolewa. Siku zaongezeka, mimi nafurahi na naomba Mungu ziongezeke zaidi, kwa sababu najua mjomba anavyorudi kutoka kwa mashine, hawezi hata kumaliza chai. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali majaribio rasmi, moja la kuanza na wagonjwa sita na kufika mpaka 50. Haya ni majaribio, watu wafuatiliwa mmoja mmoja. Anaekuuzia nafasi kwa M-Pesa hayumo humo, majaribio ya kweli hayaombi mgonjwa atume pesa ya kushika nafasi.

La mwisho: fanya haya wiki hii

Mgonjwa aliye kwa mashine, kabla ya kuota figo yoyote, ya mtu au ya nguruwe, apimwe homa ya ini aina ya B na C na HIV, na kama hana B achanjwe. Wengi hawajui kwamba mgonjwa wa figo hupewa dozi kubwa kuliko mtu wa kawaida kwa sababu mwili wake hauitiki vizuri chanjo, na mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho apimwe kingamwili kuona kama imeshika. Isiposhika arudie. Chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na surua, haziruhusiwi baada ya kupandikizwa, kwa hivo kama azihitaji muulizeni daktari mapema. Wekeni daftari moja, kila kipimo na tarehe yake, aina ya sampuli na lebu iliyopima, mkihamia hospitali nyengine daftari latangulia. Na mtu akija na habari ya kununua figo, ya mtu ya hapa hapa, mwambieni mlango ulipo, Kenya kununua na kuuza figo ni kosa la sheria na figo ya namna hiyo hakuna anaeipima sawasawa.

Yule jamaa wa voisi noti nilimtumia maswali yote ya hatua ya tatu, nikamuandikia kwa heshima, nikamwambia mgonjwa ni mjomba wangu na ni baba wa watoto watano. Amesoma, tiki zimekuwa buluu tangu Jumamosi. Mjomba nimemsomea haya yote jana baada ya alasiri, akanisikiza mpaka mwisho, akasema hiyo ya bandama ndo imemuingia. Dozi yake ya tatu ya chanjo ni Alhamisi, nitampeleka mwenyewe kabla hajawekwa kwa mashine.